Nyumba Kumi na Tisa za Ng'ambo

"Ng'ambo hakuna mtu," Majidi alisema, akainua simu yake juu kama mwamuzi anayeonyesha kadi. "Mheshimiwa mwenyekiti, haya si maneno yangu. Ni kitabu cha mama mwenyewe, nimekinunua mtandaoni kwa hela yangu halali. Ukurasa wa ramani huu hapa. Huu ni mto Lutepo. Majina yote yako upande huu. Ng'ambo ni peupe."

Simu ikaanza kuzunguka. Bwana Abdulatifu, mwenyekiti wa kikao cha usuluhishi cha kata, aliitazama kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akavua miwani akaitazama tena. Akampa katibu. Katibu akawapa wajumbe. Kila aliyeipokea alitikisa kichwa kwa utaratibu, kama watu wanaoaga maiti. Mwisho ikafika benchi la mbele, kwa Lidwina, aliyekaa na watu wa Lutepo nyuma ya mgongo wake.

Lidwina alikuwa na miaka sitini na mmoja. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza ofisi ya serikali akiwa mpiga chapa, akichapa barua za wakubwa, hotuba za wakubwa na maonyo ya wakubwa kwa wadogo. Alipostaafu alichapa cha kwake: habari za kijiji cha Lutepo alikozaliwa, kijiji kilichohamishwa kwa nguvu mwaka sabini na nne, nyumba kwa nyumba, kaburi kwa kaburi. Bei ya kuchapisha kwenye karatasi ilimshinda, akakiweka mwenyewe kwenye duka la vitabu la mtandaoni, cha kusomwa kwenye simu. Mwaka mzima kilinunuliwa na watu kumi na wanne. Hakujua kuwa mmoja wao ni Majidi, afisa mahusiano wa kampuni ya parachichi iliyokuwa ikiitaka ardhi ya ng'ambo.

Ukurasa ule alikuwa ameuchora kwa vidole vyake, kama alivyofundishwa kuchora majedwali ya ofisi: jina la mwenye nyumba, spesi thelathini, vistari vya mshazari kuwa mto, spesi thelathini nyingine, jina la mwenye nyumba wa ng'ambo. Kwenye kompyuta yake mto ulishuka katikati ya karatasi umenyooka. Kwenye simu ya Majidi mto ulisukumwa hadi ukingoni. Majina ya ng'ambo yalikosa nafasi, yakaanguka mstari wa chini, yakajipanga kushoto pamoja na mengine. Nyumba kumi na tisa zilikuwa zimevuka mto bila kuloa.

"Sikuandika hivi," Lidwina alisema.

"Kwa hiyo kitabu si chako, mama?" Majidi aliuliza kwa upole. Huo ndio ulikuwa ujuzi wake, upole.

"Ni changu."

"Na jina la juu ni lako?"

"Langu."

"Basi labda tusome na ukurasa mwingine, tupime umakini wa mwandishi." Akaipokea simu yake, akasoma kwa sauti ya darasani: "'Marehemu baba yangu aliacha ng'ambo ng'ombe arobaini na watatu wawili.' Mheshimiwa, ng'ombe arobaini na watatu wawili ni ng'ombe wangapi?"

Watu wakacheka. Hata wa Lutepo wawili watatu walicheka, wakajishika midomo. Lidwina hakucheka. Alijua arobaini na tatu ilikotoka. Ilikuwa namba ya ukurasa. Mpiga chapa wa zamani anaweka namba ya ukurasa kwa mkono, chini ya karatasi. Kwenye simu hakuna chini ya karatasi. Namba ilikuwa imemezwa katikati ya sentensi, kati ya ng'ombe na wawili.

Alitoa kwenye mkoba ukurasa uleule aliouchapa steshenari, mto katikati, majina huku na huku. Abdulatifu hakuupokea.

"Karatasi ya steshenari hata mimi naweza kuja nayo kesho, mama yangu. Kinachosambaa ni kitabu. Kitabu ndicho kinachosema." Akakuna kidevu. "Mwekezaji anaomba ng'ambo tu, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Nakupa hadi Alhamisi ijayo. Kitabu kirekebishwe kisomeke kwenye simu hii hii. Kisiporekebishika, utaandika barua kwamba ni hadithi ya kubuni, na sisi tutaandika kwamba ng'ambo palikuwa wazi. Mambo yaishe kwa amani."

Nchi hii ina kawaida ya kuwahamisha watu kwanza, kisha kuwauliza kama waliwahi kuwepo. Na ikiuliza, inauliza kwa amani.

---

Nyumba ya Lidwina iko Msamala, vyumba vitatu na ua. Mumewe Eusebi alikuwa seremala hadi mgongo ulipomgomea. Siku hizi anarekebisha viti vya jirani akiwa amekaa kwenye kiti kingine. Mkwe wao Shakila anakaanga sambusa kibarazani na kuziuza kabla hazijapoa, na katika baridi ya Juni ya Songea hilo ni shindano. Mumewe, Leo, anaendesha lori la makaa ya mawe kwenda Mtwara. Anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, mweusi hadi kope.

"Lete nione hicho kijiji kinachotembea," Shakila alisema, akijifuta unga. Akafungua kitabu kwenye simu yake. Akapunguza ukubwa wa herufi: nyumba nane zikarudi ng'ambo. Akaongeza: zikahama zote, na mto wenyewe ukakatika vipande vipande. Akapunguza tena: nyumba tatu zikabaki katikati ya maji.

"Mama, hii ni balaa. Ukigusa tu, watu wanahama."

Lidwina alikaa kwenye ngazi. Hakuwa amevua viatu. "Mwaka sabini na nne walituhamisha kwa malori," alisema. "Walikuja na bunduki na kiberiti, wakachoma mapaa ili tusirudi. Sasa tunahamishwa kwa kidole."

"Kwa kidole chako mwenyewe," Eusebi alisema bila kuinua macho kwenye kiti. "Maana spesi umepiga wewe."

"Baba!" Shakila akamkaripia.

"Nasema ukweli. Miaka thelathini na mmoja amechapa ya wenzake hajawahi kuchekwa. Kachapa yake moja, kacheka mpaka katibu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Kule nyuma hata Daimu amecheka. Daimu ambaye babu yake amezikwa ng'ambo. Hilo ndilo limeniuma."

Shakila alisoma kurasa mbili tatu. Akaona kwa nini watu kumi na wanne walionunua walikuwa kimya kama waliofiwa. Kila mstari ulikatika katikati, ukaacha pengo, ukaanza upya. Lidwina alikuwa amepiga enta mwisho wa kila mstari, kama mashine ya taipu inavyotaka, kurasa mia moja na tisini. Hakuna aliyemwambia kwamba simu inakunja mistari yenyewe. Kulikuwa na maoni ya msomaji mmoja, nyota moja: *Mwandishi anahema sana.*

"Huyu nitamtafuta," Shakila alisema.

"Muache," Lidwina alisema, akisimama. "Amesema kweli. Nipe kompyuta."

---

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Salum, mwenye steshenari karibu na soko kuu. Salum alikuwa kijana wa makamo anayejua kompyuta na anayejua kuwa anajua. Alifungua faili, akawasha kitu kinachoonyesha alama zilizojificha, na skrini ikajaa vidoti na vimishale kama uji uliomwagikiwa na pilipili manga.

"Mama yangu, shikamoo tena," Salum alisema. "Hivi vidoti vyote ni spesi. Umepanga matofali, hujaandika kitabu."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri fotokopi walisogea kutazama. Mmoja alisema bibi yake naye anamtumia meseji kwa staili hiyo.

"Rekebisha," Lidwina alisema.

"Elfu kumi na tano. Dakika tano."

"Kama ni dakika tano, kwa nini elfu kumi na tano?"

"Kwa sababu wewe ingekuchukua miezi mitano."

Salum aliiambia kompyuta itafute enta zote na kuzifuta. Ikazifuta. Kitabu kizima kikawa aya moja, toka kichwa hadi mwisho, kurasa mia moja na kumi bila pumzi. Waliokufa na waliooana, waliochomewa nyumba na waliopanda mihogo, wote walishikana kama mkaa kwenye gunia.

"Sasa hakuna mapengo," Salum alisema.

"Na sura ziko wapi?"

"Sura utaziweka wewe, mama, wewe ndiye unayejua zinaanzia wapi. Ramani nakufanyia picha." Akapiga picha ukurasa wa mto, akaupachika. Shakila, aliyeletwa kwa ajili ya simu yake, alijaribu. Ramani ilitokea ndogo kama stempu. Alipoikuza, majina yakawa ukungu.

"Hayasomeki," Shakila alisema.

"Shemeji, nani atasoma majina ya watu wa porini wa mwaka sabini na nne? Watu wanataka kuona kuna ramani, basi. Ipo."

Lidwina alihesabu elfu tano, akaiweka mezani.

"Hii ni ya kunionyesha vidoti. Kazi nyingine hukufanya." Akachomoa flashi yake mwenyewe, kwa namna wapiga chapa wa zamani walivyokuwa wakichomoa karatasi kwenye mashine bosi akishawaudhi. "Na hao watu wa porini, mmoja wao ndiye baba yangu."

---

Jumamosi aliweka kompyuta kwenye meza ya useremala ya Eusebi, akafungua faili lake la zamani, lenye matofali yake yote, akaanza kuyabomoa moja moja. Mwisho wa kila mstari alibonyeza, akafuta enta, akaangalia kama sentensi imeshikana, akashuka. Aya ilipokwisha kweli, aliiacha iishe. Namba za kurasa aliziokota kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Eusebi alikaa karibu, akisoma kwa sauti kila ukurasa uliokamilika. Alisoma vibaya, na hilo lilisaidia: alipojikwaa, kulikuwa na pengo.

"'Baba yangu aliacha ng'ambo ng'ombe wawili,'" alisoma. "Ee, sasa amekuwa maskini kama zamani."

Jumapili walimaliza hadi ukurasa wa ramani. Lidwina aliutazama muda mrefu. Alijaribu jedwali, kwenye simu ya Shakila likapasuka. Alijaribu kupunguza spesi. Nyumba nne zikazama. Saa ya chai alisukuma kompyuta mbele.

"Mto haukai kwenye simu," alisema. "Simu ni nyembamba. Mto unataka upana."

"Basi usichore," Shakila alisema, akimimina chai. "Mama, mimi nikimwelekeza mteja hapa kwetu nachora? Namwambia: ukifika kwenye nguzo, nyumba ya pili, geti la bluu, mimi ndiye huyo. Anafika."

Lidwina alimtazama mkwe wake kama anamwona leo. Akavuta kompyuta. Akafuta mto. Ukurasa ukawa mweupe kabisa, kama Majidi alivyotaka. Akaandika: *Ukivuka mto Lutepo kwa magogo, ukapanda njia ya ng'ambo, nyumba ya kwanza mkono wa kulia.* Akasimama hapo. Kwenye mchoro ule jina lilitosha. Kwenye sentensi jina peke yake lilikuwa uchi; lilitaka mtu, na mtu alitaka mlango, mti, na shughuli.

Akampigia simu Bi Saada. Bi Saada alikuwa mkubwa kuliko wote waliobaki wa Lutepo, ana themanini na kitu, anaishi kwa mjukuu kando ya barabara kuu walikomwagwa na malori, na hakuwa na subira na mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umetuhamisha tena."

"Ndiyo nataka kuwarudisha. Nyumba ya kwanza ya ng'ambo ni ya nani, nyumba ya Mzee Fransisko au—"

"Fransisko? Fransisko alikuwa wa tatu! Nani alikuambia Fransisko wa kwanza? Wa kwanza ni Benigna mpika pombe ya ugimbi, ndiyo maana kila mtu alikuwa anavuka. Ungekuwa na akili ungeuliza: mtu anavuka mto kufuata nini? Baada ya Benigna ni Daimu mkubwa, na kati yao kichuguu. Andika kichuguu."

"Naandika."

"Andika na kwamba walikuwa hawasemezani, kwa sababu ya mbuzi."

"Hilo nalo?"

"Kwani unaandika nyumba au unaandika kreti za soda?"

Wakaenda hivyo nyumba hadi nyumba, salio likakatika mara tatu, Shakila akaongeza mara tatu. Kumi na tisa. Mchoro ulikuwa ukurasa mmoja. Maneno yalikuwa kurasa tisa.

---

Jumatatu alasiri Majidi alikuja Msamala. Alikuja na kilo mbili za sukari na salamu nyingi. Alimwamkia Eusebi, akamwamkia Lidwina, akanunua sambusa nne na kuzisifu. Kisha akakaa kwenye kiti ambacho Eusebi alikuwa hajamaliza kukirekebisha, na hakuna aliyemwonya.

"Mama, mimi si adui yako," alisema. "Kitabu kina lugha nzuri. Kwenye lile duka kuna sehemu ya kuchagua aina. Wewe umeweka historia. Badilisha tu, weka hadithi. Ni kubonyeza mara moja. Utaendelea kuuza, sisi tutaendelea na mradi, na wewe hutakuwa umeandika barua yoyote ya aibu."

"Na Lutepo?"

"Lutepo itakuwa hadithi nzuri." Akamgeukia Shakila. "Shemeji, shamba likianza tutahitaji madereva. Ni Namtumbo tu hapa jirani, mtu anarudi kwake kila Jumamosi. Nasikia mumeo yuko njia ya Mtwara. Njia mbaya ile."

Kiti kilimlilia chini ya makalio, akajiweka sawa. Alipoondoka, sukari ilibaki juu ya meza ya useremala, kati ya randa na kompyuta.

Eusebi ndiye aliyesema kwanza. "Leo ana miaka sita barabarani. Mwaka jana lile lori la mbele yake lilianguka kwenye kona, yeye ndiye aliyemtoa mwenzake. Sisemi ubadilishe. Nasema tu hilo nalo lipo."

"Najua lipo," Lidwina alisema. "Shakila, wewe sema. Ni mumeo."

Shakila alikuwa na simu mkononi, fomu ya duka imefunguliwa, faili jipya tayari kupandishwa. Chini kidogo kulikuwa na kile kisanduku cha aina. Alikigusa, kikashuka orodha ndefu. *Hadithi* ilikuwa juu ya *Historia*, karibu kiasi kwamba kidole chenye mafuta kingeweza kukosea, na hakuna mahakama ingekilaumu.

"Nikichagua hii ya juu," alisema, "Leo atarudi kila Jumamosi. Atakaa hapo, atakula, mtoto atamwuliza baba unafanya kazi wapi. Atasema, naendesha gari pale walipozikwa baba zake bibi yako. Alizikwa nani, baba? Hakuna, mwanangu, ile ni hadithi." Akaifunga orodha bila kuchagua kipya. "Mimi namtaka mume, simtaki mwongo mwenye Jumamosi. Mama, nibonyeze kupandisha?"

"Bonyeza."

Akabonyeza. Duka likajibu kwamba toleo jipya limepokelewa, linapitiwa, na kwamba zoezi hilo laweza kuchukua hadi saa sabini na mbili. Eusebi alihesabu kwa vidole. Saa sabini na mbili zilikuwa zinaishia Alhamisi alasiri. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi.

"Na sukari?" aliuliza.

"Mpelekee yule jirani wa nyumba ya tatu kutoka hapa, ana msiba," Lidwina alisema. "Usimwambie imetoka wapi."

---

Jumanne duka lilisema linapitia. Jumatano asubuhi lilisema linapitia. Shakila alikaanga sambusa akiwa na simu ndani ya kanga, akaitazama hata katikati ya kurudisha chenji, na mteja mmoja akaondoka na mia tano ya bure. Lidwina alifua nguo zilizokuwa safi. Saa tisa Jumatano Shakila alipiga ukelele uliomtoa Eusebi kwenye kiti bila kukumbuka mgongo.

Kitabu kilikuwa kimepita. Wakakifuta cha zamani, wakashusha kipya, wakakaa watatu kibarazani. Shakila akaongeza herufi hadi ukubwa wa mwisho, ukubwa wa vipofu, maneno matano kwa skrini. Nyumba ya Benigna ilikuwa ng'ambo. Akapunguza hadi vijidudu. Nyumba ya Benigna ilikuwa ng'ambo. Akaigeuza simu ikalala ubavu.

"Haihami," Eusebi alisema. "Jaribu kuitikisa."

Akaitikisa. Wakacheka, Lidwina akacheka hadi akashika ukuta, kicheko cha wiki nzima kikatoka mara moja.

---

Alhamisi ukumbi wa kata ulijaa. Watu wa Lutepo walikuwa wamekuja zaidi ya mara ya kwanza. Wengine walitoka hadi Hanga, wengine waliletwa kwa pikipiki wawili wawili. Bi Saada aliwekwa kwenye kiti cha plastiki mbele, miguu imefunikwa kitenge. Daimu, mjukuu wa yule Daimu mkubwa, alikaa nyuma kabisa, mahali pa mtu aliyecheka wiki iliyopita na anayekumbuka.

"Mama, kitabu kimerekebishwa au umeleta barua?" Abdulatifu aliuliza.

"Kimerekebishwa."

"Tusomee."

"Sisomi mimi," Lidwina alisema. "Nikisoma mimi mtasema naongeza. Kisomwe na aliyekisoma wiki iliyopita, kwenye simu ileile."

Majidi akatabasamu. "Simu yangu ina kile cha kwanza, mheshimiwa."

"Futa, ushushe tena," Shakila alisema kutoka kwenye benchi. "Umeshanunua, hulipi mara ya pili."

"Nafikiri sina bando la kutosha."

"Nakurushia langu. Washa waifai. Jina ni Sambusa za Moto."

Ukumbi ukacheka, na safari hii Majidi ndiye aliyesubiri kicheko kiishe. Hakukuwa na upole wa kumtoa hapo. Akafuta. Akashusha. Watu mia moja na kitu walimtazama mtu anayesubiri kiduara kizunguke.

"Mheshimiwa," alisema kilipofunguka, "huku ni kubadilisha ushahidi. Ramani haipo tena. Ni maneno matupu."

"Majina yamebadilika?" Lidwina aliuliza. "Karatasi yangu hii hapa, mwenyekiti, ile uliyokataa kuipokea. Ishike sasa, umfuatishe. Majina kumi na tisa. Akikosa moja, au akizidisha moja, naandika barua yenu hapa hapa mbele ya watu, na kalamu ninayo."

Abdulatifu aliitazama karatasi, akawatazama watu, akaipokea. Majidi akakohoa.

"'Ukivuka mto Lutepo kwa magogo, ukapanda njia ya ng'ambo, nyumba ya kwanza mkono wa kulia ni ya Benigna, aliyepika ugimbi kila Alhamisi. Amezikwa nyuma ya jiko lake.'"

Wanawake wawili wa makamo wakasimama katikati ya ukumbi. Hakuna aliyewaambia wasimame.

"Yupo," Abdulatifu alisema, kidole kwenye karatasi.

"'Ukipita kichuguu, nyumba ya pili ni ya Daimu mkubwa, ambaye hakusemezana na Benigna miaka minne kwa sababu ya mbuzi aliyekula machicha ya ugimbi.'"

Hapo ukumbi uliguna kicheko cha chini, na Daimu mjukuu akasimama kule nyuma, shingo imeinama. Ya tatu. Wakasimama watano, ukoo wa Fransisko. Ya nne, ya tano. Majidi alisoma haraka, lakini sentensi hazikumruhusu. Kila moja ilikuwa na mtu ndani, na kila alipofika kwenye nukta benchi lililia, mtu akasimama. Alipomaliza ya tisa walikuwa wamesimama zaidi ya waliokaa. Akashusha simu.

"Mheshimiwa, nadhani tumeelewa mwelekeo."

"Tumeelewa," Abdulatifu alisema. "Inatosha. Katibu ataandika kwamba baadhi—"

"Baadhi ya nani?" Lidwina aliuliza. Hakupaza sauti. Miaka thelathini na mmoja alichapa neno hilo, baadhi ya wananchi, baadhi ya malalamiko, na alijua kazi yake: ni shimo la kuzikia watu wengi kwa mara moja. "Wiki iliyopita mlisoma ukurasa mmoja, ukawatosha kututoa wote. Leo mtasoma zote. Zimebaki kumi."

"Mama, muda—"

"Waliosimama wamechoka kuliko wewe uliyekaa, mwenyekiti."

Hakuna aliyekaa. Abdulatifu alitazama mlango, na mlangoni nako walikuwa wamesimama. Akarudisha kidole kwenye karatasi, kwenye jina la kumi.

Majidi akasoma ya kumi. Akasoma ya kumi na moja. Sauti yake ya darasani ilikuwa imekauka, akawa anasoma kama watu wengine wanavyosoma, polepole, akifuata maneno.

"'Nyumba ya kumi na mbili ni ya Saada binti Issa. Siku ya malori alikuwa na uchungu wa kujifungua. Walimpa nusu saa. Mapacha wake walizaliwa ng'ambo na wamezikwa ng'ambo, chini ya mwembe mdogo, na askari mmoja alimsaidia kuchimba.'"

Ukumbi mzima uligeukia kiti cha plastiki. Bi Saada hakulia. Alinyoosha kitenge juu ya magoti.

"Mimi nipo," alisema. "Siwezi kusimama, lakini nipo. Soma, mwanangu, usiwaweke watu. Kuna saba nyuma yangu."

Majidi alifuta kioo cha simu kwa ncha ya tai, akasoma ya kumi na tatu.